Agosti, Bei za Zamani na Wachezaji Waliobadilishiwa Kazi

Ikifika Agosti, dola za kubuni zilizobaki kwenye timu ya fantasi ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia unaochezwa kwa mateke na kwa mikono, ambapo mtu hukusanya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, huwa na kazi moja tu, nayo ni kununua pointi za wiki chache zilizosalia. Mwezi Machi fedha hizo hizo zilikuwa na kazi mbili, kwa sababu mchezaji chipukizi wa bei ya chini kabisa alinunuliwa kwa matumaini kwamba bei yake ingepanda mara mbili au tatu, kisha auzwe ili nafasi yake ichukuliwe na mchezaji wa bei kubwa anayeleta pointi mia moja kila wiki. Msimu ukielekea ukingoni ukuzaji huo wa mtaji haupo tena. Dola iliyobaki benki baada ya mechi ya mwisho haikufai kitu, na mchezaji ambaye thamani yake itapanda wiki mbili baada ya msimu kufungwa hana faida yoyote kwako. Ninaishi Melbourne, mji ambao mpira huo ulianzia, na katika misimu niliyocheza fantasi hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ndipo mtu anapolazimika kujiuliza swali lililo gumu kuliko yote: mchezaji huyu anafanya kazi gani sasa, na je, bei yake inaijua kazi hiyo?

Hoja yangu yote imo katika swali hilo. Bei ya mchezaji ni kumbukumbu ya wiki zilizopita, ilhali pointi utakazozipata zinatokana na kazi ambayo kocha wake atampa Jumamosi ijayo. Mara nyingi vitu hivi viwili huenda pamoja, na hapo hakuna cha kununua kwa faida. Vinapoachana ndipo thamani inapopatikana, na mwishoni mwa msimu huachana mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Msomaji aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo kwetu Afrika Mashariki ina wafuasi kila ofisi na kila kijiwe, anapaswa kuweka kando mazoea mamoja makubwa. Kule bei hupanda na kushuka kutokana na wingi wa watu wanaomnunua au kumuuza mchezaji, kwa hiyo umati ndio unaopanga bei. Kwenye fantasi ya Australia umati hauna usemi wowote katika bei. Mchezaji hupanda kwa sababu pointi zake za mechi za karibuni zimezidi zile ambazo bei yake ilizitarajia, na hushuka kwa sababu hazikuzifikia. Hata kama watu laki moja watamkimbilia leo jioni, bei yake haitasogea hadi acheze. Maana yake ni kwamba anayesoma hali mapema haadhibiwi na umati, na anayechelewa wiki moja bado anaweza kumpata kwa bei ile ile iwapo mchezaji huyo hakucheza.

Ipo michezo miwili mikubwa. Mmoja ni AFL Fantasy, ambao ni mchezo rasmi wa ligi, na mwingine ni SuperCoach, ambao huendeshwa na gazeti la Herald Sun la Melbourne pamoja na magazeti dada. Katika yote miwili mtu hukusanya kikosi cha wachezaji kutoka klabu 18 za ligi na kuwapanga kama mabeki, viungo, maraki na washambuliaji, akiwa na wanaocheza na wanaokaa benchi. Raki ni yule mchezaji mrefu anayeruka kuupiga mpira kwa mkono pale mwamuzi anapourudisha mchezoni. Takwimu za michezo yote miwili hutoka kwa kampuni ya Champion Data, lakini namna ya kuzigeuza kuwa pointi ni tofauti kabisa. AFL Fantasy huhesabu matendo bila kujali ubora wake: teke ni pointi 3, pasi ya ngumi pointi 2, kuudaka mpira wa teke kabla haujagusa chini pointi 3, kumkaba mwenye mpira pointi 4, goli pointi 6, na kosa la kumpa mpinzani mpira wa adhabu hukata pointi 3. SuperCoach hupima uzito wa tendo, iwapo mpira ulifika ulikokusudiwa, iwapo ulipatikana katika mapambano, iwapo mechi ilikuwa imebanana, na mwishowe pointi za wachezaji wote wa mechi moja husawazishwa ziwe 3,300.

Nimeanza na tofauti hiyo kwa makusudi, maana mchezaji wa thamani katika mchezo mmoja anaweza kuwa mzigo katika mwingine. Chukua mfano wa Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na ambaye mwaka 2021, baada ya kuhama kutoka Sydney, alichaguliwa katika All-Australian, yaani kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Ustadi wake ni kuusoma mpira wa adui ukiwa bado hewani, kuuendea na kuunyakua. SuperCoach hulipa vizuri unyakuzi wa aina hiyo, kwa sababu mpira umehamia upande wa pili mahali pa hatari. Kwenye AFL Fantasy unyakuzi ule ule ni pointi 3, sawasawa na za beki aliyesimama peke yake pembeni akapokea mpira bila mtu kumsogelea. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema kwamba beki fulani ni wa bei nafuu mwezi Agosti, swali la kwanza la kumuuliza ni la mchezo upi.

Sasa niingie katika hesabu ya bei, kwa sababu bila hiyo mazungumzo ya thamani hubaki kuwa ya kubahatisha. Kanuni ambayo wachezaji wa SuperCoach wamekuwa wakiitumia ni kwamba bei mpya hutokana na robo tatu ya bei ya zamani, ikijumlishwa na robo ya wastani wa mechi tatu za mwisho uliozidishwa na kiasi fulani cha dola kwa kila pointi. Kiasi hicho hubadilika kidogo kidogo msimu mzima, lakini tukichukua dola 5,400 kwa pointi tutakuwa karibu na hali halisi, na kwa mfano huu tukifanye kisibadilike. Mchezaji wa wastani wa pointi 100 atakuwa na bei ya dola 540,000. Tuseme katika mechi moja anaumia kifundo cha mguu katika robo ya kwanza ya mchezo, anatoka uwanjani akiwa na pointi 20, kisha wiki inayofuata anarudi mzima na kuendelea na pointi 100 kama kawaida yake.

Pointi hizo 20 zitakaa ndani ya wastani wa mechi tatu kwa muda wa mechi tatu, na kila mara wastani huo utakuwa pointi 73 na ushei. Baada ya mechi ya jeraha bei itashuka hadi dola 504,000. Baada ya mechi inayofuata, ambayo amecheza vizuri, itashuka tena hadi 477,000. Baada ya mechi ya tatu, ambayo pia amecheza vizuri, itashuka mpaka 456,750. Huyu ni mchezaji yule yule, anayeleta pointi 100 zile zile, na anauzwa kwa punguzo la zaidi ya dola 83,000 kwa sababu ya dakika chache ambazo hazihusiani tena na uwezo wake. Wiki itakayofuata zile pointi 20 zitatoka nje ya hesabu na bei itaanza kupanda. Wakati wa kumnunua ni hapo hapo kati ya mechi ya tatu na ya nne, na anayenunua mapema kidogo analipa ziada kwa kukosa subira.

Ndiyo maana sitazami sana orodha za wachezaji walioshuka bei zaidi, ambazo huandaliwa kila Jumatatu, mpaka nijue sababu ya kila anguko. Anguko lililoletwa na jeraha la mechi moja ni tofauti na anguko lililoletwa na mwezi mzima wa kucheza chini ya kiwango. Zilikuwepo pia alama za chini zilizoletwa na kanuni ya mchezaji wa akiba, iliyodumu hadi 2025. Mwaka 2021 ligi iliruhusu kila timu iwe na mchezaji mmoja wa kuingia iwapo mwenzake ameumia, na kuanzia 2023 kocha akaruhusiwa kumtumia kwa sababu yoyote ya kimbinu. Mchezaji aliyeingia robo ya mwisho akapata pointi 25, au aliyetolewa robo ya tatu akiwa na pointi 50, aliandikiwa alama hizo kama mechi kamili. Bei haikujua kwamba alicheza dakika ishirini. Mtu anayetazama muda aliokuwa uwanjani alijua.

Hata hivyo punguzo la bei lenyewe si hoja ya kutosha, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaopenda hesabu kuliko mechi yenyewe. Bei iliyoshuka hukuonyesha tu mahali pa kuchungulia. Kinachoamua ni kazi.

Mfano bora ninaoukumbuka ni wa Melbourne mwaka 2023. Klabu hiyo ilikuwa na nahodha wake Max Gawn, mmoja wa maraki wakubwa wa kizazi hiki, kisha ikamleta Brodie Grundy kutoka Collingwood, raki mwingine mkubwa, wachangie kazi moja. Gawn aliumia goti raundi ya pili dhidi ya Brisbane, na alipokuwa nje Grundy alibeba mzigo peke yake na pointi zake zikaonyesha hivyo. Gawn aliporudi kazi ikagawanywa, na mgawanyo huo ukapunguza pointi za wote wawili na hatimaye bei zao. Baadaye Grundy alishushwa kwenda kucheza katika VFL, ligi ya ngazi ya chini, na Casey, timu ya akiba ya klabu hiyo, Gawn akabaki na kazi nzima, naye akaumaliza msimu akiwa miongoni mwa maraki bora wa fantasi. Bei yake ya katikati ya msimu ilikuwa na kumbukumbu za goti na za kugawana, lakini mtu aliyeutazama mkeka wa wachezaji jioni ya Alhamisi na kuona jina la Grundy halimo alikuwa na taarifa ambayo bei ingeihitaji wiki tatu kuimeza. Mwisho wa mwaka Grundy mwenyewe alihamia Sydney, akawa raki mkuu huko, na habari yake ikageuka pia.

Hali kama hiyo hujirudia kwa Luke Jackson wa Fremantle. Kila ambapo Sean Darcy, raki mkuu wa klabu hiyo, yuko nje kwa jeraha, Jackson huacha kukaa mbele muda mwingi na kuchukua kazi ya raki, na pointi zake hubadilika mara moja. Mimi humchunguza Darcy kabla ya kumchunguza Jackson.

Kwa viungo, mahali pa kutazama ni mwanzo wa kila robo na baada ya kila goli, pale mpira unapoanzishwa katikati ya uwanja. Tangu 2019 kanuni inalazimisha kila timu iwe na wachezaji sita katika kila eneo kati ya maeneo matatu, na ndani ya mraba wa katikati wanaruhusiwa wanne tu kutoka kila upande. Mmoja wao ni raki, kwa hiyo zinabaki nafasi tatu. Takwimu za nani alikuwemo katika mraba huo hutangazwa baada ya kila mechi, nami huzisoma kabla ya kusoma pointi. Nafasi tatu hazitoshi viungo watano wenye njaa, na jeraha la mmoja huwa ni mlango kwa mwingine ambaye amekuwa akitupwa pembeni au mbele tangu Machi. Mchezaji aliyekuwa akihudhuria asilimia kumi ya mianzo hiyo akipanda ghafla hadi asilimia sabini, bei yake bado itakuwa ya mshambuliaji wa pembeni kwa wiki mbili hivi, huku akifanya kazi ya kiungo kamili. Nikiona badiliko hilo katika mechi moja nasubiri nione ya pili, isipokuwa kama sababu yake ni jeraha la muda mrefu la mwenzake, maana hapo kocha hana njia nyingine.

Kwa mabeki kuna jambo dogo ambalo watu wengi hulipita. Timu pinzani ikikosa goli na kupata pointi moja, beki mmoja huurudisha mpira mchezoni kutoka ndani ya mraba wa goli. Tangu 2019 hana haja ya kujipigia kwanza ndipo aondoke, anaweza kutoka nao mbio moja kwa moja, na akitoka nje ya mraba kisha akapiga, teke lake huhesabiwa. Mechi ambayo wapinzani wanakosa magoli mengi humpa mhusika mateke kadhaa ya bure, na mateke manne ni pointi 12 kwenye AFL Fantasy. Beki aliyekabidhiwa kazi hiyo baada ya mwenye nayo kuumia hupanda bila kubadilisha chochote kingine katika uchezaji wake.

Nafasi ambayo mchezaji ameandikiwa katika fantasi nayo ni sehemu ya bei, ingawa haionekani kama dola. Harry Sheezel alichaguliwa na North Melbourne katika nafasi ya tatu ya usajili wa mwaka 2022, ule ambao klabu huchagua vijana kwa zamu, akaorodheshwa kama mshambuliaji, kisha katika mechi yake ya kwanza kabisa dhidi ya West Coast mwaka 2023 akacheza nyuma na kuupiga mpira kwa mguu au kwa ngumi mara 34. Mwaka huo alishinda tuzo ya chipukizi bora wa ligi pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa klabu yake. Mfano huu ni wa mwanzo wa msimu, lakini kanuni yake hufanya kazi Agosti vile vile: washambuliaji wanaoleta pointi nyingi ni wachache kila mwaka, kwa hiyo mtu anayefanya kazi ya nyuma au ya katikati huku akiruhusiwa kuwekwa safu ya mbele ana thamani kuliko bei yake inavyosema. Nafasi huongezwa mara chache katika msimu kulingana na mahali ambapo wachezaji wamekuwa wakisimama kweli, na nyongeza ya mwisho ndiyo ninayoingoja zaidi, kwani humwezesha mtu kumhamisha kiungo wake mmoja kwenda nyuma au mbele na kufungua nafasi katikati, ambako pointi ni nyingi, bila kutumia dola hata moja.

Kisha kuna hali ya klabu zenyewe. Mwezi Agosti ligi hugawanyika makundi matatu. Zipo klabu zinazopigania nafasi ya fainali, yaani hatua ya mtoano baada ya raundi za kawaida, na hizo huchezesha watu wao wote kwa nguvu zote. Zipo zilizokwisha kukata tamaa, ambazo huwapeleka wachezaji wazoefu kufanyiwa upasuaji mapema ili wawe tayari kwa maandalizi ya mwaka unaofuata, na kuwapa vijana dakika nyingi. Na zipo zilizokwisha kujihakikishia nafasi yao, ambazo ndizo hatari kubwa kwa mwenye timu ya fantasi. Mwaka 2015, raundi ya mwisho, Fremantle na North Melbourne waliwapumzisha wachezaji wao muhimu wengi kwa mpigo, na wote waliowategemea kwenye fantasi raundi hiyo walipata hasara. North Melbourne walicheza na Richmond raundi hiyo, kisha wakakutana nao tena wiki iliyofuata katika fainali na kuwatoa. Ligi iliona ubaya wa jambo hilo, na mwaka 2016 ikaweka wiki ya mapumziko kati ya raundi ya mwisho na fainali. Tatizo limepungua, lakini halikuisha, na mchezaji wa miaka 33 wa timu iliyo salama bado anaweza kuambiwa apumzike kwa sababu ya paja lililokaza.

Kwa sababu hiyo, nikiwa na wachezaji wawili wa bei moja na kazi moja, humchagua yule wa klabu inayoshika nafasi ya tisa kuliko yule wa klabu iliyo kileleni. Huyu wa nafasi ya tisa hapumzishwi na mtu, maana klabu yake bado inapigania fainali. Katika klabu za mkiani nawatazama vijana, hasa wa mwaka wa pili na wa tatu wanaopewa kazi ya katikati kwa majaribio ya mwaka ujao. Ubaya wao ni kwamba timu zao hupigwa vibaya baadhi ya wiki, na katika SuperCoach, ambako pointi za mechi ni 3,300 kwa wote, upande unaofungwa sana hubakiwa na kidogo. Kwenye AFL Fantasy kufungwa hakumdhuru sana kiungo mkabaji, maana timu isiyo na mpira hukaba zaidi.

Usajili wa katikati ya msimu, uliorudishwa mwaka 2019, umeongeza chanzo kingine cha thamani. Wanaosajiliwa humo huingia kwenye fantasi wakiwa na bei ya chini kabisa, na baadhi yao si vijana wa kufundishwa bali ni watu wazima waliokomaa katika ligi za majimbo. Marlion Pickett alisajiliwa na Richmond kwa njia hiyo mwaka 2019 na mechi yake ya kwanza ikawa fainali kuu yenyewe. Jai Newcombe aliingia Hawthorn kwa njia hiyo mwaka 2021 na katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Sydney akakaba mara 14, jambo ambalo kwa pointi 4 kila mkabo ni pointi 56 kabla hujahesabu teke hata moja. Mchezaji wa namna hiyo akipatikana, anakuruhusu kumuuza chipukizi aliyeshiba bei, kuchukua tofauti, na kumpandisha mwingine kuwa mchezaji kamili. Mimi huwatafuta waliocheza muda mrefu katika VFL, SANFL ya Australia Kusini au WAFL ya Magharibi, kwa sababu mwili uliokomaa hustahimili majira ya baridi.

Na majira ya baridi yenyewe yana usemi. Julai na Agosti Melbourne huwa na mvua na upepo. Mpira ukilowa, kudaka hupungua na kukaba huongezeka, kwa hiyo beki anayeishi kwa kupokea mipira ya bure pembeni, akadaka kwa pointi 3 na kupiga kwa pointi 3 nyingine bila kuguswa, hupoteza riziki yake. Marvel Stadium ina paa linalofungwa, na mabeki wa namna hiyo hufurahia kucheza humo. Uwanja wa Kardinia Park kule Geelong ni mwembamba, na nafasi za pembeni ni chache. Ninapotazama mechi nne ambazo mchezaji amebakiwa nazo natazama pia mahali zinapochezwa, na jinsi wapinzani wake wanavyocheza, kwani zipo timu ambazo hukubali mpinzani azungushe mpira nyuma apendavyo mradi asipite katikati, na mabeki wanaokutana nazo huvuna. Jambo hili lisipewe uzito kuliko kazi, lakini kati ya wawili wanaolingana ndilo linaloamua.

Benchi hulizungumzia watu wachache mwezi huu, ingawa lina faida moja ya pekee. Wachezaji hufungwa mmoja mmoja kadiri mechi zao zinavyoanza, kwa hiyo mtu anaweza kumweka nahodha msaidizi anayecheza Alhamisi au Ijumaa, akasubiri alama zake, na kama ni kubwa akampa unahodha mchezaji asiyecheza kabisa wiki hiyo, ili alama za msaidizi ndizo ziongezwe mara mbili. Mchezaji wa bei ya chini ambaye hajaitwa na klabu yake, na ambaye mechi yake iko Jumapili, ana thamani kubwa kwa kazi hiyo moja. Huwa simuuzi hata nikiwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Tofauti ya idadi ya mabadiliko nayo hubadilisha hukumu. Kwenye AFL Fantasy mabadiliko mwezi huu ni mawili kila wiki, na usipoyatumia yanapotea, kwa hiyo hakuna sababu ya kutomnunua mtu kwa ajili ya mechi mbili tu kisha kumwacha. SuperCoach hutoa idadi ya msimu mzima, na aliyeimaliza Julai huwatazama majeruhi wake bila la kufanya. Huko ninamdai mchezaji wa bei nafuu jambo zaidi ya kazi mpya: mwili usio na historia ya misuli ya paja. Punguzo la dola 80,000 halifidii wiki moja ya sifuri wakati huna mabadiliko yaliyobaki.

Jambo la mwisho linahusu ligi za ana kwa ana, ambazo fainali zake huangukia wiki za mwisho za msimu. Binamu yangu aliye Mombasa yumo katika ligi yangu, na kwa kuwa tofauti ya saa wakati huu wa mwaka ni saba, majina ya vikosi yanayotangazwa huku jioni ya Alhamisi humfikia kabla ya adhuhuri akiwa kazini. Nikikutana naye katika nusu fainali natazama kwanza wachezaji tulio nao wote wawili na kuwafuta katika hesabu. Wanaobaki, pengine saba au wanane kila upande, ndio mechi halisi. Kama kikosi chake kimenizidi kwa matarajio, natafuta mtu mmoja ambaye hana, mwenye bei ya zamani na kazi mpya, anayeweza kuleta 130 wakati bei yake inasema 80. Kama mimi ndiye niliyemzidi, namnunua yule yule aliye naye, nimnyime tofauti, na dola zinazobaki naziacha zilale.